Kwa Nini Mvuje Unanuka Kabla ya Moto

Acheni pua zenu, tegeni masikio. Mvuje huu mnaoukunjia uso, ule ambao Wahindi huuita hingi, haukuumbwa ukinuka. Ulikuja duniani na harufu nzuri kupita asmini iliyolowa umande, kupita udi, kupita utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Punje moja ikiwekwa rafuni, nyumba nzima ilinukia mpaka uani, na mpita njia alisimama akauliza leo mna arusi ya nani.

Siku hizo wanawake wa Kachi, ile nchi kavu ya Bara Hindi inayopakana na jangwa la chumvi, hawakuufungia kopo. Waliuweka wazi kwenye bakuli, karibu na chumvi, na kila aliyepita alichota. Watu wa ngamia waliuleta kwa magunia kutoka milima ya kaskazini, nao ulikuwa rahisi kama kokoto. Uliutia kwenye dengu, dengu zikanukia. Uliutia kwenye samli iliyovunda, kwenye mchele uliopekechwa na wadudu, kwenye mboga ya juzi, na hakuna aliyejua. Huo ndio uliokuwa ubaya wake, na watu wakauita uzuri.

Maana kule kuna desturi: mpishi haonji. Chakula kikiwa jikoni hakiguswi na ulimi wa mtu mpaka sehemu ya kwanza iwekwe mbele ya mungu wa nyumba, katika kishubaka chake ukutani. Mpishi huijua chumvi kwa kiganja na hujua kuiva kwa pua. Sasa fikirieni nyumba ambamo hakimu ni pua peke yake, halafu ndani yake mmewekwa kitu cha kuihonga.

Katika kijiji kimoja cha huko aliishi Velbai, mwanamke mzee mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili, pamoja na mkaza mwanawe, Monghi. Mume wa Monghi alikufa kwa kuumwa na nyoka katika mwaka wa tatu wa ndoa, akaacha binti mmoja, Lakhi. Watu walidhani Velbai atamrudisha mjane huyo kwa kaka zake. Wengine walikuja hata kumshauri. Velbai akawajibu akiwa amesimama mlangoni, hajawakaribisha: "Mnamhesabia nani matonge? Nyumba hii ina wanawake watatu na jiko moja, na linatosha. Nendeni mkapike kwenu."

Lakini wageni walipoondoka alimweka Monghi chini. "Mvivu nitamvumilia," alimwambia. "Mchafu nitamfundisha. Mwongo atatoka kwa mlango aliouingilia, na mtoto atabaki, maana mtoto ni wa nyumba hii."

Monghi aliinamisha kichwa akaitikia, "Sawa, Ba," kama wanavyomwita mama kule. Katika maneno yote hayo, yaliyomganda ni mawili: mtoto atabaki.

Lakhi alipofika miaka minne alikuwa ndiye macho ya bibi yake. Alimshika kidole cha shahada akamwongoza kijijini akitangaza kila kitu. "Ba, kuna jiwe. Ba, kuna mavi ya ng'ombe, ruka. Ba, yule mama wa jirani kavaa nguo ya kijani na hajachana nywele." Velbai alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mkali kwa dunia nzima, ila kwa huyo hakuwa na meno.

Katika nyumba hiyo mlikuwa na sufuria kubwa ya shaba. Shaba tupu hugombana na kitu kichachu. Ukiacha humo mtindi au ukwaju, hutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu. Kwa hiyo ndani hupakwa bati, na bati likichakaa hupakwa upya. Fundi wa bati alipita kijijini mara mbili kwa mwaka. Alisimama ndani ya sufuria za watu, akazisugua kwa mchanga kwa nyayo zake, akijipinda kiuno kulia na kushoto kama mcheza ngoma, watoto wakimzomea na yeye akiwazomea.

Mwaka huo alipopita, Monghi alikuwa kwa jirani wakiimba nyimbo za kumpamba bi arusi. Alizisikia kelele za watoto, akasema ataimba wimbo mmoja tu halafu akimbie na sufuria. Aliimba mitatu. Alipotoka, fundi alikuwa ameshafunga mifuko yake amekwenda.

Jioni Velbai akauliza, "Sufuria umeipeleka?"

"Nimeipeleka, Ba."

Hata hakujua kwa nini alisema hivyo. Angesema nimechelewa, angekaripiwa kidogo, na habari ingeisha. Lakini ulimi ulitangulia, na mara tu neno lilipotoka, likawa na mlinzi: ule mlango wa Velbai. Tangu hapo hakuweza tena kulirudisha. Alijiambia atapikia humo wali mtupu na maji ya kuoga mpaka fundi arudi, na kweli alifanya hivyo miezi mitano.

Kila mwaka, katikati ya mvua, wanawake wa kule hulipumzisha jiko siku nzima. Majivu huzolewa, mafiga hupakwa udongo mpya, na moto hauwashwi mpaka kesho yake. Chakula cha siku hiyo hupikwa siku inayotangulia na huliwa baridi, kwa heshima ya mungu mke anayewalinda watoto na ndui.

Siku ya kupika, Monghi alitengeneza mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, mwembamba, wa manjano, ule ambao Velbai aliupenda kuliko nyama ya peponi. Aliupika katika chungu. Alipokiepua, chungu kikapasuka ubavuni kwa mlio mdogo, mchuzi ukaanza kuchirizika. Hakukuwa na chombo kingine cha kuutosha. Akaumimina ndani ya sufuria ya shaba, akaufunika. Ni mpaka kesho tu, alijiambia.

Asubuhi alipofunua, pembeni palikuwa na duara la kijani. Mchuzi ulinuka kama ufunguo ulioshikwa na mkono wenye jasho.

"Monghi," Velbai aliita kutoka barazani, "nini hicho kinachonuka kama chuma?"

"Ni ndoo ya kisimani, Ba. Nimeileta ndani."

Mkono wake ukaenda kwenye bakuli la mvuje. Hakuchukua punje, alichukua gao zima, kiganja tele, akalipondaponda, akalimimina, akakoroga. Harufu ikapanda. Ikaufuta ule ufunguo, ikatoka mlangoni, ikazunguka baraza, ikamkuta Velbai na shanga zake za kusalia.

"Ah!" Velbai akasema. "Mkono wako huo, mwanangu. Mungu akuachie."

Monghi alikuwa na mpango wake, nao ulionekana kwake hauna tundu. Alishateka kiasi katika bakuli kubwa chini ya kishubaka, ili Velbai asiiguse sufuria, na sehemu ndogo yake ingewekwa kwa mungu. Velbai alikuwa amefunga mpaka alasiri, na baada ya hapo angekwenda hekaluni na wanawake wenzake. Hapo Monghi angeumwaga mchuzi wote nyuma ya zizi, aseme paka ameupindua. Paka walikuwepo wengi. Hakuna ambaye angeumia.

"Mtungi mtupu," Velbai akasema. "Kimbia ukalete maji ya kuoshea kishubaka."

Angekataa vipi? Akajitwika mtungi akaenda. Kisimani palikuwa na foleni, kwa kuwa kila nyumba ilisafisha siku hiyo, na wanawake walimtania. "Monghi, huko kwenu mnapika maua? Harufu imefika huku!" Akacheka nao. Aliporudi, Lakhi alikuwa amekaa mapajani mwa bibi yake, bakuli usoni, akiramba kilichobaki chini.

"Mtoto kalilia harufu hii mpaka basi," Velbai alisema kwa furaha. "Nimeosha kishubaka kwa maji ya birika, nimeweka sehemu ya mungu, nikampa. Mimi nimefunga, mtoto hafungi. Kala mabakuli mawili, hebu mwone!"

"Ma," Lakhi akasema, mdomo wa manjano, "mchuzi wa leo una maua ndani."

Sasa hapo ndipo pa kusema. Mtungi ulikuwa bado kichwani, maji yakimdondokea shingoni. Neno lenyewe halikuwa refu. Lakini Monghi alimwangalia mtoto, akauona mlango, akaona barabara ya kwa kaka zake, na yeye peke yake juu yake. Akautua mtungi, akasema: "Basi, atosheke."

Kabla ya adhuhuri Lakhi alianza kutapika. Alitapika mchuzi, kisha maji, kisha kitu cha kijani. Alijikunja kama kipande cha ngozi kilichotupwa juani. Velbai, ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kugusa moto siku ya jiko kupumzika, alipapasa ukuta mpaka jikoni, akavunja udongo mpya wa mafiga kwa mkono wake, akawasha moto wa kumchemshia mjukuu wake maji. Jirani alipiga kelele, "Velbai! Siku ya leo?" Velbai akamjibu bila kugeuka: "Mungu ni mwanamke, ataelewa. Asipoelewa tutagombana."

Wakamwita Rajbai, mkunga wa kijiji, aliyejua dawa za matumbo. Rajbai alimbonyeza mtoto, akamnusa mdomo; mdomo ulinukia maua.

"Kala nini?"

"Mchuzi wa mtindi," Monghi akasema.

"Ulilala kwenye chombo gani?"

Velbai aligeuza uso kumwelekea mkaza mwanawe. Hakumwona; alikuwa anasikiliza tu.

"Chungu," Monghi akasema.

Rajbai akatikisa kichwa. "Basi ni baridi imemshika tumbo. Mpeni maji ya moto na tangawizi. Maziwa, hata tone asipewe."

Na Lakhi aliomba maziwa. Mwili wake ulijua asichoambiwa mkunga. Aliomba mchana kutwa, kwanza kwa kulia, halafu kwa kubembeleza, halafu kwa midomo tu. "Ma, maziwa kidogo. Ma, kidogo hivi," akionyesha kwa vidole viwili. Monghi alimpangusa kwa shali yake na kumpa tangawizi. Mbuzi alikuwa amefungwa pale pale uani, chuchu zimejaa.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda, Monghi alitoka mbio bila kujifunika kichwa mpaka kwa Rajbai, akaanguka kizingitini. "Ni shaba," akasema. "Ilikuwa shaba, haina bati. Nilidanganya."

Rajbai alisimama na ufagio mkononi. "Jana ningempa maziwa," akasema. "Jana yangeikamata sumu ikiwa bado tumboni. Jana, mwanamke wewe!" Halafu akautupa ufagio akakimbia, kwa sababu hata hivyo ilibidi kukimbia.

Walimkamua mbuzi. Walimpa Lakhi maziwa kwa kijiko, naye akameza vijiko vitatu. Mchana wa siku ya tatu, jua likiwa utosini, alimshika bibi yake kidole cha shahada, kama anayetaka kumwonyesha kitu, akafa.

Velbai alikaa na kile kidole chake kimenyooka hivyo hivyo, mpaka watu walipokuja kumchukua mtoto. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemlisha. Bakuli la pili hakuliomba. Mimi ndiye niliyesema ongeza." Na baadaye, Monghi alipopiga magoti mbele yake: "Nilikwambia mwongo atatoka. Mlango huo hapo. Mimi sina nguvu za kumtoa mtu."

Monghi alitoka mwenyewe. Akawafuata watu wa ngamia waliokuwa wakirudi kwao kuchukua mvuje mwingine. Kiongozi wao alimwambia ni mwendo wa miezi miwili na huko hakuna kitu cha mwanamke. "Nina kesi huko," Monghi akamjibu. Alitembea nyuma ya ngamia wa mwisho, hana kitu ila kisu cha jikoni na ile shali aliyompangusia Lakhi siku tatu. Hakuwa ameifua. Kila aliposhika maji aifue, mikono ilikataa.

Milimani akaukuta mvuje umesimama, shina nene kama paja, maua ya manjano juu yake kama miavuli, utomvu ukijitokea wenyewe na bonde zima likinukia. Wakati huo mimea ilikuwa bado haijaacha kusema na watu.

"Chukua harufu yako," Monghi akauambia. "Imeniulia mtoto."

"Mimi nilinukia tu," mvuje ukasema. "Aliyenitia sufuriani ni nani?"

"Ni mimi."

"Aliyesema chungu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na maziwa?"

Monghi akakaa chini. Hapo ndipo alipoyasema yote kwa mara ya kwanza, tangu wimbo wa tatu mpaka kijiko cha tatu, bila kujitetea. Upepo wenyewe ulisimama. Alipomaliza, mvuje ukauliza kwa upole anataka nini.

"Nataka usiweze tena kumfichia mtu."

"Sina kitu ila utamu huu. Ukiuondoa, mimi ni nani?"

"Uzike ndani. Uutoe kwa moto tu, kwenye samli inayochemka, kabla kitu kingine chochote hakijaingia sufuriani, watu wakiona na kusikia. Kwenye chakula baridi usiutoe kabisa."

"Na nje nivae nini?"

Monghi akaiangalia shali yake. Ilikuwa na tapishi la siku tatu na jasho la miezi miwili. Ilikuwa ndiyo kitu chote alichobaki nacho cha mwanawe. Akaufukua mzizi kwa vidole, akaukata kwa kisu, na kabla hajabadili nia akaisokomeza shali ndani ya jeraha. Mvuje ukatetemeka mpaka ua la juu kabisa. Maziwa meupe yakatoka mzizini, yakageuka mekundu, yakaganda tone juu ya tone; na ile harufu nzuri ikazama ndani kama maji mchangani. Iliyotoka badala yake mnaijua. Watu wa ngamia walisikika kule bondeni wakitukana.

Alirudi kijijini na donge moja nguoni. Wanawake kisimani walitawanyika. "Nani kaoza na bado anatembea?" mmoja aliuliza, na safari hii Monghi hakuwa na kicheko cha kuwapa. Velbai alikuwa barazani, macho sasa hayaoni kabisa. Pua ilimwambia kuna kitu kinakuja kabla nyayo hazijasikika.

"Ni nini hicho?"

"Ni mvuje, Ba."

"Mvuje naujua."

"Na mimi unanijua, Ba. Lakini huu ndio mvuje."

Velbai akasogea kidogo kumpisha apite. Monghi akawasha moto, akatia samli, ikachemka. Akadondosha kipande kidogo kama punje ya dengu. Kikalia, kikafura, na jikoni pakanukia. Haikuwa maua tena. Ilikuwa harufu ya chakula, ya kweli, iliyopitia mengi. Velbai akaifuata kwa kupapasa ukuta, akasimama mlangoni mwa jiko, machozi yakimtiririka, akasema: "Funika lililobaki. Na kesho ukanishike mkono, sijui tena njia ya kisimani."

Na tangu siku hiyo mvuje haupatikani mpaka mzizi wake ukatwe, utoe damu yake kidogo kidogo. Tangu siku hiyo huwekwa katika kopo lake peke yake, kifuniko kimekazwa, mbali na chai na sukari, na mkaza mwana akilifungua, mavyaa aliye sebuleni anajua. Hutiwa punje tu, na hutiwa kwanza, katika samli ya moto. Nyumba ambazo kwa dini yao hazili vitunguu wala saumu huutegemea huo, na chakula chao hakidanganyi mtu. Ukijaribu kuutupa mbichi juu ya mboga iliyolala, mtaa mzima utakuja kuuliza.

Monghi hakuolewa tena wala hakuzaa. Lakini mtoto yeyote pale kijijini alipolia tumbo, alikwenda bila kuitwa, akaivunja punje, akaiyeyusha kwa maji vuguvugu, akaizungusha kitovuni kwa kidole kimoja, polepole, mpaka mtoto akanyoosha miguu. Desturi hiyo ilivuka ikafika hata huku kwetu. Mpaka leo, mtoto mchanga akijipinda kwa tumbo, mvuje hutolewa kwenye kopo. Chumba hunuka, wageni huaga mmoja mmoja, mtoto hutulia. Anayebaki ndani ni mama yake.